Uzi: Kwa nini mchango wa harusi unalipwa kabla ya ada ya mtoto? Kikundi kinavyotuendesha

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa harusi ukiiva, humu jukwaani zinafumuka nyuzi za kulalamika. Michango imezidi, kadi zinaumiza, Watanzania tumekuwa watumwa wa sherehe. Hitimisho huwa lile lile: "tubadilike". Halafu Jumamosi mlalamikaji mwenyewe yuko ukumbini, tai imemkaa vizuri, kadi ya dabo ameshaimaliza. Mimi leo sijaja kulalamika. Nataka tuulizane ni kitu gani kinamfanya mtu mwenye akili timamu, anayejua kabisa ada ya mwanawe haijakamilika, afungue simu saa nne usiku na kumtumia mweka hazina wa kamati laki moja.

Tuanze na ile orodha, maana wote mnaijua. Grupu limeundwa, hujui hata nani kakuingiza. Siku za mwanzo ni picha za maharusi na makopakopa. Kisha mwenyekiti anatupia: "Ndugu zangu, naomba sasa tuanze na ahadi." Anajiandika namba moja. Mjomba mtu anashika namba mbili, laki tano. Anayefuata anakopi orodha yote, anaongeza jina lake chini, anaibandika upya. Ikifika ishirini na kitu, mbele ya waliomaliza zimeshaanza kuwekwa tiki za kijani, na wewe jina lako halimo. Hakuna aliyekusema, hakuna aliyekutaja. Ila kila ikibandikwa upya unaisoma jina kwa jina, na unajua fika kwamba na wenzako wanaisoma hivyo hivyo.

Hapo ndipo laki inapotoka. Ada ya mtoto haina orodha. Mhasibu wa shule anakupigia wewe peke yako, unamwambia mwisho wa mwezi, yanaishia hapo na hakuna shangazi aliyesikia.

Wengi wakifika hapa wanasema "ni aibu tu" na kufunga mjadala. Aibu ipo, lakini naona haitoshi kueleza. Aibu ya nini, na kwa nini hapa na si pale? Hoja yangu ni hii: kabla kikundi hakijakulazimisha kufanya lolote, kinakuwa kimeshakuamulia kitu kilicho mbele yako ni kitu gani. Laki ile ile ikiwa mchango ina taratibu zake. Ikiwa zawadi ina nyingine, ikiwa mkopo nyingine, ikiwa bahati ya kuokota nyingine kabisa. Ukishapokea jibu la kikundi kuhusu hilo, mwenendo wako unafuata wenyewe, na wewe unabaki kudhani umeamua.

Kuna watu walilipima hili, tena kwa fedha taslimu. Miaka ya 1990 mwanaanthropolojia Joseph Henrich alikwenda kwa Wamachiguenga, kwenye misitu ya Amazoni upande wa Peru, akiwa na mchezo ambao wanauchumi walikuwa wameshauzoea vyuoni kwao. Watu wawili wasiojuana. Wa kwanza anakabidhiwa fedha, aamue atammegea mwenzake kiasi gani. Wa pili akikubali, kila mmoja anaondoka na chake. Akikataa, wote wanatoka mikono mitupu. Basi, ndio mchezo wote.

Wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Ulaya kwa kawaida humega asilimia 40 hadi 50, na anayepewa chini ya asilimia 20 mara nyingi hususa, heri wote wakose. Wanauchumi wakaanza kuandika kana kwamba hiyo ndiyo tabia ya binadamu. Wamachiguenga walimega wastani wa robo hivi, na wenzao karibu wote wakapokea bila kinyongo. Kukataa fedha ya bure eti kwa sababu mwenzako kabaki na nyingi, kwao hilo halikuingia akilini. Waliona tu kwamba bahati ya kuwa mgawaji haikuwaangukia wao.

Baada ya hapo kundi la watafiti likaupeleka mchezo huo na mingine ya aina yake kwenye jamii ndogo 15 katika nchi 12, matokeo yakaanza kutoka mwaka 2001. Hapo ndipo mambo yalipokuwa matamu. Walamalera wa Indonesia, wavuvi wa nyangumi, walimega zaidi ya nusu. Nyangumi havuliwi na mtu mmoja, na akishaburutwa pwani kila kipande kina mwenyewe tangu zamani: cha mpiga chusa, cha mabaharia, cha fundi wa mashua, cha mshona tanga. Watu waliokulia hapo wakipewa fedha wagawane na mwenzao, mkono unakwenda kwa mazoea hayo.

Waau na Wagnau wa Papua Guinea Mpya nao baadhi yao walimega zaidi ya nusu, na wenzao wakakataa! Soma tena hapo mkuu. Mtu kapewa zaidi ya nusu, bure, kakataa. Kwao, kupokea zawadi kubwa usiyoiomba ni kujifunga deni litakalodaiwa siku atakayotaka mtoaji, na mpaka ulilipe uko chini yake. Fedha ile ile ambayo Mmachiguenga aliiona bahati, hawa waliiona kitanzi.

Na sisi tumo. Wahadza wa Ziwa Eyasi walicheza pia, mtafiti akiwa Frank Marlowe. Kama kuna watu duniani wanaosifiwa kwa kugawana ni hao: mnyama mkubwa akiangushwa, nyama inaliwa na kambi nzima. Mngeniuliza kabla, ningewaweka juu kabisa kwenye orodha ya ukarimu. Kwenye mchezo walimega kidogo, na kukataa kukawa kwingi. Sababu ni kwamba nyama ikishafika kambini kila jicho limeiona na kila mtu anaidai fungu lake. Kunyimana hakuwezekani, kwa hiyo wanagawana. Mwindaji akipata mnyama mdogo huko porini huweza kumla huko huko. Mchezo ulichezwa kwa siri, hakuna jicho wala mdai. Ukarimu tunaousifu uko pale kambini, kati ya watu, na mtafiti alijaribu kuukuta kifuani mwa mtu mmoja mmoja.

Nimalizie na Waorma wa Tana River, Kenya, maana hao ndio walionifanya niandike uzi huu. Jean Ensminger, aliyefanya utafiti kwao kwa miaka mingi, aliwaletea mchezo mwingine: watu wanne, kila mmoja ana fedha zake, anaamua kwa siri kiasi gani atie kwenye kapu la pamoja. Kilichomo mtafiti anakiongeza maradufu, kisha kinagawanywa sawa kwa wote wanne, aliyetia na asiyetia. Mjanja wa vitabuni hatii hata senti, anasubiri mgawo wa jasho la wenzake. Waorma hawakuchukua muda. Wakasema: aah, hii ni harambee. Wakauita hivyo hivyo, mchezo wa harambee, wakatia wastani wa zaidi ya nusu ya walichonacho. Na wenye mali walitia zaidi, kama inavyotarajiwa kwenye harambee ya kweli. Kwenye ule mchezo wa kumegeana wawili, utajiri haukuonekana kuwa na uzito huo. Watu ni wale wale na kijiji ni kile kile. Kilichobadilika ni jibu lao kwa swali "hiki ni kitu gani".

Rudini sasa kwenye grupu lenu la harusi. Mwenyekiti alipoandika "tuanze na ahadi" alikuwa ameshamaliza kazi.

Karibuni, matusi wekeni kando.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, nimeusoma huu uzi nikiwa kwenye kikao cha sendofu. Sijui nicheke au nitoke nje.

Mchangiaji wa tatu (kutoka Kenya)

Salamu kutoka ng'ambo ya Namanga. Hao Waorma hawakukosea hata kidogo, na ngoja niongeze kitu ambacho asiyekulia kwenye harambee hawezi kukijua.

Harambee ya kanisa au shule huwa na mpangilio. Mgeni rasmi hatoi kwanza. Wanaanza wale wa mia mia, wanapita kwa foleni mbele ya meza, wanatumbukiza. Kisha vikundi vya akina mama, kila kikundi na jina lake. Kisha wafanyabiashara wa soko. Mshereheshaji anataja jina na kiasi kwenye kipaza sauti, makofi yanapimwa kulingana na noti. Mgeni rasmi anakuja mwisho, "mimi na marafiki zangu", bahasha nene. Kila mtu anajua cheo chake kwenye ile foleni. Ukitoa chini ya cheo chako watu wanageuzana nyuso, na ukitoa juu ya cheo chako watakuuliza unagombea kiti gani.

Ndiyo maana wanasiasa waliikamata. Mwaka 2003 ilitungwa sheria ya maadili ya watumishi wa umma iliyowawekea mipaka kwenye harambee, na 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto akatangaza marufuku kwa maafisa wa serikali. Harambee zenyewe hazijafa. Siku hizi bili ya hospitali inachangiwa kwa namba ya paybill, ambayo kinadharia ni siri yako na mwenye akaunti. Lakini tazameni watu wanavyofanya: akishatuma anakopi ule ujumbe wa uthibitisho, anaubandika kwenye grupu. Teknolojia imewapa pazia, wao wenyewe wanalifungua.

Mchangiaji wa nne

Uzi mrefu wa kusema watu wanaogopa kusemwa. Mleta uzi, hakuna utamaduni hapo, ni hesabu. Natoa leo kwa sababu na mimi nina binti, kesho nitatolewa. Huo ni uwekezaji. Mhindi, Mzungu, Mchina, wote wangefanya hivyo hivyo wakiwa mahali pangu.

Mleta uzi

Mkuu, hesabu ipo na siikatai. Daftari la rambirambi pale msibani kazi yake ni nini kama si hesabu? Yule kijana aliyekalishwa kwenye meza karibu na mlango, kalamu mkononi, anaandika jina lako na kiasi, na miaka kumi baadaye familia ile italifungua kabla ya kuja kwako. Kuna kijiji cha Nyakatoke, Kagera, kaya 119, ambacho wachumi walikichunguza nyumba kwa nyumba. Walikuta vyama vya kuzikana vyenye orodha ya wanachama, kanuni na adhabu kwa asiyetimiza wajibu. Ethiopia wana vyao, wanaviita iddir. Bima kamili hiyo, haina tu jengo la ghorofa.

Ila sasa jiulize hesabu yako inasimama juu ya nini. Unatoa leo kwa kuwa una uhakika utarudishiwa. Uhakika huo umeupata wapi? Huna mkataba, huwezi kumpeleka mtu Kisutu kwa sababu hakuchangia kicheni pati. Unajua atarudisha kwa sababu kundi zima linaliona jambo hilo kama deni. Mgnau naye alipiga hesabu, tena hesabu nzuri tu, na ikamwambia akatae. Hesabu zote mbili ni sahihi kwa mwenyewe. Kinachotofautisha ni kile ambacho kila mmoja alikikuta tayari kimeandikwa kabla hajaanza kujumlisha.

Na ule mfano wa Mhindi na Mzungu "wote wangefanya hivyo" ndio hasa uliopimwa kwenye jamii 15, na ukashindwa.

Mchangiaji wa tano

Mimi naona tatizo letu Waafrika ni kufuata mkumbo. Mzungu anajitegemea kimawazo, haangalii jirani kafanya nini. Ndiyo maana wametuacha.

Mleta uzi

Hapana mkuu, hapa nitakusumbua kidogo.

Majaribio maarufu kuliko yote ya kufuata mkumbo yalifanywa kwa vijana wa vyuo vya Marekani, miaka ya 1950, na mwanasaikolojia Solomon Asch. Unaonyeshwa mstari, kisha mistari mitatu, useme upi unalingana na ule wa kwanza. Jambo la wazi, mtoto wa chekechea anaweza. Lakini wenzako chumbani, ambao hujui wamepangwa, wanataja mmoja baada ya mwingine jibu lisilo sahihi. Karibu robo tatu ya vijana wale walijikuta angalau mara moja wakirudia jibu ambalo macho yao yaliwaambia ni uongo. Hao ndio wanaojitegemea kimawazo.

Mwaka 1996 Bond na Smith walikusanya majaribio 133 ya namna hiyo kutoka nchi 17. Ni kweli walikuta kufuata kundi ni kwingi zaidi kwenye jamii zinazotanguliza kundi kuliko zinazomtukuza mtu mmoja mmoja. Hapo una pointi yako, ichukue. Lakini walikuta pia kwamba mkumbo wa Wamarekani wenyewe ulikuwa umepungua tangu miaka ya 1950. Damu ilikuwa ile ile, zama ndizo zilizobadilika.

Kinachonifurahisha zaidi ni cha Uingereza. Perrin na Spencer walirudia jaribio hilo kwa wanafunzi wa sayansi, matokeo yakatoka 1980: katika raundi 396, kufuata kundi kulitokea mara 1. Ungesema Waingereza wamepona. Kisha wakachukua vijana waliokuwa chini ya uangalizi wa mahakama, wakawachanganya na maofisa wa uangalizi. Mkumbo ukarudi kama enzi za Asch. Mwanafunzi wa sayansi akikubali jibu la uongo anajiaibisha mbele ya wenzake wa sayansi. Kijana yule akimpinga ofisa wake anajitafutia balaa. Nchi moja na mistari ile ile, ila kila mmoja alikuwa mbele ya watu tofauti.

Mchangiaji wa sita (Ujerumani)

Habari zenu kaka na dada zangu. Ninaishi Ujerumani miaka mingi sasa. Huku taa ya waenda kwa miguu ikiwa nyekundu watu wanasimama, hata saa sita usiku, hata barabara tupu, hakuna gari wala polisi. Na mimi nasimama. Mtoto akiwepo karibu ndiyo kabisa, ukivuka utasikia bibi wa watu anakukemea hadharani.

Wenzangu huwa wananisifu nimestaarabika. Wasichojua ni kwamba nikishuka uwanja wa Julius Nyerere, siku hiyo hiyo navuka Kariakoo katikati ya bodaboda na bajaji, mkono umenyanyuliwa kumsimamisha dereva, nimebeba na mfuko. Hakuna hata dakika ya kufikiria. Nikirudi Ujerumani nasimama tena kwenye taa. Wala sijihisi nimebadilika popote.

Mchangiaji wa saba

Bibie hapo juu umemaliza. Ila mleta uzi, mbona hugusi ukabila? Hiyo nayo ni kikundi, na wanasema iko kwenye damu.

Mleta uzi

Nilikuwa naukwepa maana unaharibu nyuzi, lakini ushahidi wake ni mzuri kuliko wote.

Edward Miguel, mchumi, alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya kwetu, wakati ule Meatu iko Shinyanga, leo iko Simiyu. Zote ni wilaya za vijijini, zote zina mchanganyiko wa makabila. Busia, kadiri eneo lilivyokuwa na mchanganyiko zaidi ndivyo shule zilivyochangiwa kidogo. Watu hawakuwa tayari kuwabana majirani wa kabila jingine watoe, wala kuwachangia watoto "wa wale". Meatu uhusiano huo haukuonekana. Utafiti ulitoka 2004, na maelezo yake ni ya kisiasa: huku uchifu ulifutwa baada ya uhuru, Kiswahili kikashika shule na ofisi, mtoto akafundishwa utaifa darasani, serikali za vijiji zikachaguliwa. Simaanishi sisi ni malaika, msinianzie. Nasema watu wanaofanana sana walifundishwa majibu tofauti ya swali "mwenzangu ni nani".

Mwaka huo huo Daniel Posner akatoa utafiti wa Wachewa na Watumbuka. Mpaka wa Zambia na Malawi, uliochorwa na wakoloni bila kuuliza mtu, umewakata wote wawili: wapo upande huu na upande ule. Alikwenda kwenye vijiji vilivyo jirani kabisa na mpaka, akauliza maswali ya kawaida: ungemchagua mtu wa kabila lile? Ungeoa kwao? Upande wa Zambia wakajibu kama ndugu. Upande wa Malawi, kama wapinzani. Mila zile zile na lugha zile zile pande zote mbili. Zambia wote wawili ni vikundi vidogo, kwenye siasa za taifa wanahesabika pamoja kama watu wa Mashariki. Malawi ni vikubwa kiasi cha kuweza kubeba mgombea, na Rais Banda aliongezea pilipili pale mwaka 1968 alipokifanya Chichewa lugha ya taifa na Kitumbuka kikaondolewa redioni.

Kama ukabila uko kwenye damu, damu hiyo inajuaje iko upande gani wa mpaka?

Mchangiaji wa nane

Mmesahau watani! Mimi Mpare. Kwenye msiba wa Mchaga nina ruhusa ya kufanya mambo ambayo akiyafanya mjukuu wa marehemu anatengwa. Nimeona kwa macho mzee wetu mmoja amesimama mlangoni, kanzu ameivaa nyuma mbele, anazuia jeneza lisitoke: "Huyu alinidai, au nilimdai mimi, hatoki mpaka tuelewane." Watoto wa marehemu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka na machozi yao, wakatoa chochote, jeneza likapita. Ajabu ni kwamba asingefanya hivyo, familia ingelalamika baadaye kwamba watani hawakuja.

Mzee mwenyewe ni mpole kupita kiasi. Kwake nyumbani hata kuku hamfukuzi kwa sauti.

Mchangiaji wa tisa

Na Simba na Yanga msiziache. Yanga 1935, Simba 1936 ikazaliwa kwa kumeguka humo humo, na kutoka Msimbazi hadi Jangwani unatembea kwa miguu. Leo mtu ananuna wiki nzima kwa ajili ya rangi.

Mleta uzi

Mkuu wa tisa, kuna Henri Tajfel alikwenda kwa watoto wa shule huko Bristol, matokeo yakatoka 1970, akawagawa kwa vitu visivyo na maana kabisa, mfano nani kapenda picha za mchoraji huyu na nani za yule. Hawajuani nani yuko kundi gani, hawajacheza pamoja, hawana historia. Akawapa pointi za kugawia wengine, pointi zenye thamani ya fedha. Wakapendelea upande wao. Kibaya zaidi, wengine walikuwa radhi kundi lao lipate kidogo ili mradi tu liwazidi wale. Tajfel alikuwa Myahudi wa Poland aliyetekwa na Wajerumani akiwa askari wa Ufaransa, akarudi kutoka vitani akakuta karibu ndugu zake wote wameuawa. Hakuwa anatafuta kichekesho.

Sasa kama picha tu zinatosha, fikiria miaka tisini ya Msimbazi na Jangwani.

Mpare, ule mfano wako nimeupenda kuliko wa profesa yeyote niliyemtaja.

Mchangiaji wa nne (tena)

Sawa, tuseme umenishika nusu. Dawa ni nini sasa? Maana Jumamosi kuna kikao na nimepigiwa simu tayari.

Mleta uzi

Dawa ya kuacha kuchangia sina, na wala siitafuti. Siku ukifiwa utaijua kazi ya lile daftari.

Ila kama tatizo lako ni kiwango, Asch aliacha vitu viwili vya kufanyia kazi kwenye kamati. Alipoweka chumbani mtu mmoja tu anayetaja jibu sahihi, majibu ya kufuata mkumbo yalishuka hadi karibu asilimia 5. Mmoja tu. Na alipomruhusu anayejaribiwa aandike jibu lake badala ya kulisema mbele ya watu, mkumbo nao ulishuka sana. Kwa hiyo ahadi ziende kwa mweka hazina inboksi, orodha itoke na majina bila viwango. Au mwenyekiti asianze na mjomba wa laki tano, aanze na mtu wa elfu ishirini. Kiwango cha kwanza ndicho kinachowapangia wengine kikao hiki ni cha watu wa namna gani.

Mchangiaji wa kumi

Mimi ndiye mweka hazina wa kamati mojawapo, nimewasoma kimya tangu asubuhi. Ahadi za inboksi tulishajaribu. Wiki tatu, ukumbi ukawa haujalipiwa hata nusu, mama wa bwana harusi akaagiza mwenyewe orodha irudi na viwango vyake, na ndani ya siku mbili tukavuka lengo.

Na huyo wa kuanza na elfu ishirini mbele ya wakwe, mleta uzi, umtafute wewe. Kikao ni Jumamosi saa kumi. Nakuweka namba moja?